Bekoni kwa wageni: tende, ndizi mzuzu au sukari guru?

Anayeandaa send-off, kipaimara au birthday Arusha na Moshi, na akaamua kuwapokea wageni kwa bekoni kabla ya chakula kikuu, mara nyingi hukwama kati ya vitu vitatu. Kuna tende zilizozungushiwa bekoni, kuna ndizi mzuzu zilizozungushiwa bekoni na kupakwa asali, na kuna slesi za bekoni zilizookwa na sukari guru mpaka zikakakamaa. Vyote vitatu vina siri moja: sukari inakutana na chumvi, moshi na mafuta ya nguruwe, na mkono wa mgeni unarudi kwenye sinia kabla hajamaliza kutafuna.

Kwa ladha, hakuna cha kumwaibisha mwenye sherehe. Tofauti kubwa iko kwingine: una moto gani, na sinia litakaa mezani muda gani kabla mgeni hajaligusa. Sherehe ya saa tisa huanza saa kumi na moja, na kitafunwa kilichotoka motoni kikiwa kizuri sana kinaweza kuwa kimelegea au kimegandiwa na mafuta mgeni rasmi anapoingia.

Vigezo vilivyotumika hapa

Kila aina imepimwa kwa mambo yaleyale: viungo na gharama yake, namna ya kutengeneza na moto inaotaka, mahali inapoharibikia, inavyokuwa ikipoa, na inamfaa nani. Vipimo vyote ni vya vipande 40. Kwa bahati nzuri kila aina inatumia slesi 20 za bekoni kwa vipande hivyo 40, kwa hiyo bei ya nyama inakaribiana, isipokuwa sukari guru inayotaka slesi nene, na kinachobaki kulinganishwa ni vingine.

Kwa hesabu ya wageni, kama chakula kamili kinafuata, vipande 3 kwa mtu vinatosha, maana bekoni inashibisha haraka. Wageni 30 ni vipande 90. Kama vitafunwa ndiyo chakula chenyewe, panga vipande 10 hadi 12 kwa mtu, lakini bekoni isizidi theluthi moja. Vingine viwe sambusa, kachori, karoti na matango, vitu visivyo na mafuta na chumvi ya aina hiyo.

Bekoni yenyewe kwanza

Nunua bekoni ya tumbo, ile yenye michirizi ya mafuta na nyama kwa kupokezana. Bekoni ya mgongo ni pana na ina nyama nyingi, ni nzuri kwa mkate wa asubuhi, lakini haina mafuta ya kutosha kujikaanga yenyewe na hukauka kabla kilichomo ndani hakijaiva. Pakiti ya gramu 250 yenye slesi nyembamba hutoa slesi 10 hadi 12. Dukani hesabu slesi, usiridhike na gramu, kwa sababu pakiti ya slesi nene inaweza kukupa 7 tu.

Kwa tende na ndizi unataka slesi nyembamba. Kwa sukari guru unataka nene, kama milimita 3.

Ukikosa bekoni, nyama ya tumbo kutoka bucha la kitimoto inaweza kukutoa, mradi ujue kuwa si bekoni. Iweke kwenye friza dakika 40 ili ishikamane, ikate nyembamba kadiri kisu kinavyokubali, ipake chumvi gramu 20 kwa kilo, iache kwenye friji usiku mzima, kisha ifute maji. Itakuwa na rangi ya kijivu badala ya waridi, kwa sababu haina ile chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama, na haitakuwa na harufu ya moshi. Iongezee dakika 10 motoni.

Na hili lisipuuzwe: bekoni nyingi inayouzwa ni mbichi. Chumvi na moshi huihifadhi nyama, haviiivishi. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na tegu, kwa hiyo slesi yoyote iliyobaki laini na yenye rangi ya waridi inayong'aa irudi motoni. Sehemu ya hatari ni pale slesi inapojilalia yenyewe. Juu panaonekana pameiva, chini ya mkunjo bado.

Tende zilizozungushiwa bekoni

*Viungo na gharama.* Tende 40, slesi 20 nyembamba zilizokatwa katikati, na korosho 40 zilizokaangwa bila chumvi. Badala ya korosho unaweza kutumia jibini ngumu gramu 150 iliyokatwa vijiti. Tende ndizo zinazopandisha gharama. Kuelekea Ramadhani hujaa sokoni na unachagua unavyotaka, ila miezi mingine huenda ukalazimika kuchukua zilizopo. Epuka tende za kubanwa kwenye pakiti ngumu kama tofali. Ni tamu, lakini ukizitenganisha zinachanika na hazijazwi kitu. Chagua tende nzima, laini, ngozi isiyopasuka. Zikiwa kavu mno, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 kisha zikaushe kabisa kwa kitambaa.

*Kutengeneza.* Pasua kila tende upande mmoja, toa kokwa, ingiza korosho, ifunge kwa vidole. Zungushia nusu ya slesi ukiivuta kidogo, ncha ipishane na mwanzo kwa sentimita 1 tu. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, mshono ukiwa chini. Uzito wa tende utaushikilia, na mara nyingi kijiti cha meno hakihitajiki mpaka wakati wa kupakua. Oka kwa nyuzijoto 200, ambayo kwenye oveni nyingi za gesi zenye namba ni 6, dakika 20 hadi 25, ukizigeuza kwa koleo dakika ya 12.

Huna oveni? Sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei ndogo juu ya mchanga, na makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko inafanya kazi hii vizuri. Dakika 10 za mwisho inua mfuniko kidogo mvuke utoke, la sivyo bekoni inachemka badala ya kukaangika.

*Inapoharibikia.* Kosa la kwanza ni kokwa iliyosahaulika. Toa kokwa zote kwanza, zihesabu, na hesabu ilingane na tende, ndipo uanze kujaza. Jino la mgeni lililovunjika halifidiwi kwa kitafunwa kitamu. Kosa la pili ni jibini iliyojazwa kupita kiasi. Ikiyeyuka inapanuka, inatoka kwenye mpasuko na kuungulia kwenye trei. Jaza nusu ya nafasi tu, na jibini itoke kwenye friji moja kwa moja. Anayepika kwa mara ya kwanza aanze na korosho, maana haiyeyuki, haivuji, na inampa mgeni kitu cha kutafuna katikati ya ulaini wa tende.

*Ikipoa.* Hapa ndipo tende zinaposhinda. Ndani hubaki laini na tamu hata baada ya saa nzima, na ukizirudisha kwenye oveni dakika 5 zinaamka. Unaweza kuzifunga na kuziweka kwenye friji jana yake zikiwa mbichi, kisha ukazioka wageni wanapoanza kuingia.

*Inamfaa nani.* Mwenye ratiba isiyotabirika, na mwenye wasaidizi wawili watatu wa kukaa mezani kujaza na kufunga. Kwa mtu mmoja, tende 40 ni karibu saa nzima ya vidole.

Ndizi mzuzu kwa bekoni na asali

*Viungo na gharama.* Ndizi mzuzu 4 kubwa, slesi 20 nyembamba zilizokatwa katikati, limau 1, na vya kupaka: asali vijiko 3 vya chakula, maji ya limau kijiko 1 cha chakula, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na pilipili kichaa 1 iliyotolewa mbegu na kukatwa ndogo sana. Hiki ndicho kitafunwa cha gharama nafuu kuliko vyote vitatu. Ndizi za masoko ya Tengeru au Mbuyuni hazihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Asali iwe ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ni ghali, ina uchachu wake mzuri wa kulamba, lakini ina maji mengi na inateleza kwenye bekoni badala ya kushika.

Mafanikio yote yako kwenye uivu wa ndizi. Ganda liwe la njano lenye madoa meusi, na ukiibonyeza ikurudishie ukinzani kidogo. Ikiwa ya kijani itakuwa kavu na yenye ukakasi, utadhani umemfungia mgeni kiazi. Ikiwa nyeusi yote, itapondeka ndani ya bekoni. Watu hujaribu kisukari kwa sababu ni tamu na ziko kila kona, lakini nyama yake ni laini mno kwa moto huu. Kama ni kisukari tu zilizopo, chukua ambazo hazijaiva vizuri na ukate kila moja vipande viwili tu.

*Kutengeneza.* Menya, pasua kila ndizi kwa urefu, kisha kata vipande vya sentimita 4. Ndizi moja ya sentimita 20 au zaidi kidogo inatoa vipande 10. Pitishia limau ili zisiwe nyeusi. Sasa hatua ambayo wengi huiruka: zioke peke yake dakika 8 kwa nyuzijoto 190, au zipitishe kwenye kikaangio chenye mafuta kidogo dakika 2 kila upande. Ndizi huchelewa kuiva kuliko bekoni. Ukiiacha ianze mbichi, bekoni itakauka wakati katikati ya ndizi bado pana wanga. Zipoe, zungushia bekoni, choma kijiti cha meno kupitia mshono, oka kwa nyuzijoto 190 (namba 5 ya gesi) dakika 20. Toa, paka asali pande zote, rudisha dakika 5 hadi 7.

Asali haipakwi mwanzoni. Sukari iliyomo huanza kubadilika rangi kwenye joto dogo kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo asali ya dakika ya kwanza ni masizi ya dakika ya ishirini.

Kwenye mkaa, ndizi ndizo rafiki kuliko zote. Tunga vipande 3 kwenye kijiti cha mishikaki kilicholowekwa majini nusu saa, subiri makaa yafunikwe na majivu, na weka wavu juu kiasi cha kiganja. Mafuta ya bekoni yakidondokea makaa mekundu yatawaka, na mwali unaacha weusi wenye uchungu. Mwali ukipanda, hamisha mishikaki, usimwage maji, kwa sababu majivu yatarukia nyama.

*Inapoharibikia.* Mbali na uivu na asali ya mapema, kuna vipande vikubwa. Kipande kinachohitaji kung'atwa mara mbili kinamwachia mgeni bekoni yote mdomoni na ndizi tupu mkononi.

*Ikipoa.* Dakika 20 za mwanzo ni raha tupu. Baada ya hapo asali inanata na ndizi inaanza kukaza, na jioni za baridi za Juni na Julai pale Arusha mafuta huganda juu yake upesi. Kupasha kunasaidia nusu tu. Zipikwe kwa awamu, vipande 15 hadi 20 kwa mara moja.

*Inamfaa nani.* Sherehe ya uani, jiko liko mbele ya wageni, watu wanachukua kutoka motoni. Na penye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, uchachu wake unaikata asali na mafuta kwa namna ambayo soda haiwezi.

Bekoni ya sukari guru

*Viungo na gharama.* Slesi 20 nene (kama gramu 600), sukari guru gramu 150 iliyokunwa, pilipili manga kijiko 1 cha chai, pilipili ya unga robo kijiko cha chai, mdalasini kidogo. Kwa anayependa, ongeza kijiko 1 cha chai cha kahawa ya Kilimanjaro iliyosagwa laini. Uchungu wa kahawa unaituliza sukari na kumfanya mgeni aulize kuna nini humu. Slesi nene ndizo zinazopandisha bei, vingine ni vya jikoni. Sukari ya kawaida inafaa pia, ila sukari guru ina ladha nzito zaidi, na huungua mapema.

*Kutengeneza.* Funika trei kwa foili na karatasi ya kuokea, weka wavu juu yake, panga slesi zisigusane. Oka kwa nyuzijoto 175 dakika 12 bila sukari. Toa, futa mafuta yaliyotuama juu ya slesi kwa tishu za jikoni, kisha nyunyiza nusu ya mchanganyiko wa sukari na uukandamize kwa mgongo wa kijiko. Rudisha dakika 8. Geuza, nyunyiza nusu iliyobaki, rudisha dakika 8 hadi 10. Kuanzia hapo usiondoke jikoni. Kati ya rangi ya kahawia inayong'aa na ladha ya kuungua kuna dakika 2 tu. Itoe ikiwa bado inapinda, kwa maana inakakamaa ikipoa. Ipoze kwenye wavu uliopakwa mafuta au karatasi ya kuokea, kamwe si kwenye tishu, itaganda nayo. Ikipoa dakika 10, kata kila slesi katikati, upate vipande viwili.

Huu ni upishi wa oveni. Kikaangio kinawezekana kwa moto mdogo, sukari ikiingia dakika za mwisho, lakini si kwa vipande 40, na sukari iliyoyeyuka ikigusa ngozi inashika na kuendelea kuunguza. Watoto wakae mbali. Kwenye mkaa, achana nayo.

*Inapoharibikia.* Kuweka sukari mwanzoni: mafuta yanayotoka yanaisomba yote hadi chini ya trei. Kutumia slesi nyembamba: sukari inaungua kabla nyama haijakauka. Na hotipoti, ambayo inastahili kutajwa kwa jina. Hotipoti inahifadhi joto pamoja na mvuke, na mvuke unaigeuza bekoni hii kuwa ngozi ndani ya nusu saa. Tende na ndizi zinaweza kuvumilia hotipoti yenye tishu chini na mfuniko ulioachwa wazi kidogo. Hii haivumilii.

*Ikipoa.* Imeumbwa kuliwa ikiwa imepoa, ni bora hivyo kuliko ikiwa ya moto. Inaweza kutengenezwa jana yake na kulala kwenye friji ndani ya kopo lisilopitisha hewa, karatasi ya kuokea kati ya tabaka, kisha ikatolewa dakika chache kabla ya kupakua. Adui yake ni unyevu. Sukari hunyonya maji ya hewani, na wakati wa masika, hasa siku ya mvua, itaanza kunata ndani ya saa moja ikiachwa wazi.

*Inamfaa nani.* Mpishi aliye peke yake, mwenye oveni, anayetaka kumaliza kazi kabla ya siku yenyewe. Simamisha slesi kwenye glasi fupi na meza inapendeza bila mapambo mengine. Wazee wenye meno dhaifu na watoto wadogo wapewe tende zisizo na korosho.

Na nanasi?

Linaulizwa sana. Ladha inakubali, lakini juisi yake inailowesha bekoni kutoka ndani. Ukitaka, kata vipande vya sentimita 2, viache kwenye chujio saa moja, vikaushe, kisha fuata hatua za tende. Viliwe papo hapo.

Wageni wasiokula nguruwe

Kwenye sherehe nyingi za huku wamo Waislamu na wamo Wasabato, na heshima yao inaanzia jikoni. Chakula chao kipikwe na kitolewe kabla bekoni haijafunguliwa, kwa mafuta, koleo, trei na visu tofauti, na kiwekwe meza nyingine kabisa. Sinia la bekoni liwe na kibandiko kinachosomeka: NGURUWE. Tende ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa sababu kwa mbali zinafanana na kitu chochote cha kukaanga. Bekoni ya ng'ombe inaweza kuchukua nafasi katika aina zote tatu. Ina mafuta machache, kwa hiyo ipake mafuta ya kupikia kwa brashi na upunguze dakika 5. Lakini kwa Mwislamu, ng'ombe peke yake hatoshi, aliyechinja naye ni sehemu ya swali, basi muulize mgeni wako au mwenyeji wake kabla.

Uchague kipi, kulingana na hali yako

Ukumbi wa kukodi usio na jiko, chakula kinasafiri kwa gari kutoka nyumbani: sukari guru, kwenye kopo. Ikiwa ni masika, tende, zikiokwa dakika za mwisho nyumbani na kuliwa ndani ya saa 2 tangu zitoke motoni. Muda huo usizidi kwa aina yoyote ya nyama iliyo mezani.

Nyumbani, oveni ipo, ila umeme haueleweki: tende, kwa sababu mkaa wa kupalia unaweza kumalizia kazi bila kuharibu kitu. Sukari guru iliyokatikiwa umeme katikati haiokoki kirahisi.

Send-off yenye ratiba ndefu na MC anayependa kuzungumza: tende zilizofungwa jana yake, zikiingia motoni pale tu wageni wanapokaa. Bajeti ikiruhusu, weka na sukari guru kidogo mezani tangu mwanzo ili wa kwanza kufika wawe na cha kutafuna.

Bajeti ndogo, wageni wengi: ndizi. Hata ukigawanya slesi mara tatu badala ya mbili na kuifunga kama mkanda katikati ya kipande, ladha inafika.

Krismasi Marangu, Machame au Rombo, ukoo umepanda nyumbani, hakuna oveni na vijana wa kuchoma wapo: ndizi kwenye mishikaki, bila kusita. Nunua bekoni mjini Moshi kabla ya kupanda, ibebe kwenye boksi lenye barafu, na isitoke humo mpaka makaa yawe na majivu.